Kususia Michezo ni Silaha ya Shabaha Moja

Katika kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki kuanzia Mexico 1968 hadi Rio 2016, dhahabu ya wanaume katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji ilikwenda kwa Mkenya. Orodha ya mabingwa wa mbio hizo kwa kipindi hicho ina mapengo mawili tu: mwaka 1976 alishinda Anders Gärderud wa Sweden, na mwaka 1980 akashinda Bronisław Malinowski wa Poland. Miaka hiyo miwili Wakenya hawakushindwa, kwa kuwa hawakuwepo. Mara ya kwanza waliondoka Montreal kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakikandamizwa na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Mara ya pili hawakwenda Moscow kwa sababu serikali yao iliitikia wito wa Marekani. Kwa mwanariadha aliyejinoa miaka minne hasara ilikuwa ile ile, lakini matokeo ya migomo hiyo miwili yalitofautiana sana. Tofauti hiyo inatuhusu hata leo, kwa sababu miito ya kususia mashindano haikomi, na kwa sababu mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zitakazokuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika.

Naamini kwamba kususia michezo ni silaha halali, na kwamba imewahi kufanya kazi ambayo hotuba za Umoja wa Mataifa zilishindwa kuifanya. Lakini ni silaha yenye uwezo mmoja tu: kumnyima mtu heshima ambayo michezo humpa. Haiondoi jeshi katika nchi jirani, wala haiangushi serikali ndani ya wiki mbili. Hufanikiwa pale dai linapokuwa mikononi mwa wenye michezo wenyewe, yaani mashirikisho, kamati za Olimpiki, waandaaji na wadhamini, na pale wito unapotoka kwa wanaoumia. Ikitumiwa kwa jambo lililo nje ya hapo, wanaolipa gharama ni wanamichezo peke yao, na aliyekusudiwa haumii kitu.

Chukua Kombe la Dunia la mwaka 1966. Nafasi zilikuwa 16. Ulaya ilipewa 10, pamoja na ile ya wenyeji Uingereza, Amerika ya Kusini ikapata nne, na Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi ikapata moja. Nafasi moja iliyobaki ikaachwa igombewe na Afrika, Asia na Oseania kwa pamoja. Maana yake ni kwamba timu ingeweza kuzishinda zote barani Afrika na bado isiwe na uhakika wa kwenda, mpaka ikacheze tena na mabingwa kutoka upande wa Asia. Ghana ya Kwame Nkrumah, iliyokuwa bingwa wa Afrika, iliona huo ni udhalilishaji. Ohene Djan wa Ghana na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia wakaongoza upinzani, na timu 15 za Afrika zikajitoa. Nafasi ile ikachukuliwa na Korea Kaskazini, ambayo iliifunga Italia na kufika robo fainali. Mashindano yaliyofuata, Mexico 1970, Afrika ilikuwa na nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda. Kwa Kombe la Dunia la 2026 bara letu limetengewa nafasi tisa za moja kwa moja. Mgomo ule ulikuwa na dai linaloweza kuandikwa katika mstari mmoja, na aliyedaiwa, yaani FIFA, ndiye hasa aliyekuwa na uwezo wa kulitimiza.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Afrika Kusini yenyewe, na hapa inafaa kukumbuka kwamba wito haukuanzia katika ikulu yoyote. Ulianzishwa na Waafrika Kusini walionyimwa viwanja, akiwemo mshairi Dennis Brutus, ambaye mwaka 1963 alipigwa risasi akijaribu kuwakimbia polisi, kisha akafungwa Kisiwa cha Robben. Yeye na wenzake walijua raga na kriketi zilikuwa na uzito gani kwa watawala wa Pretoria. Kwa Makaburu, raga ilikuwa sehemu ya fahari ya taifa lao, na kupokewa na timu za nchi nyingine kulikuwa ushahidi kwamba dunia imewakubali. Mwaka 1964 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikafuta mwaliko wao wa kwenda Tokyo. Mwaka 1966 Baraza Kuu la Michezo Afrika likaundwa kule Bamako, na miaka miwili baadaye, IOC ilipojaribu kuwarudisha kwa ajili ya Olimpiki za Mexico, tishio la nchi za Afrika kutokwenda likaifanya ibadili uamuzi wake ndani ya wiki chache. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa katika Olimpiki. Mwaka huo huo ziara ya timu yake ya kriketi nchini Uingereza ikavunjwa na wimbi la maandamano lililoongozwa na kijana Peter Hain, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Afrika Kusini. Kila hatua ilidai kitu ambacho chama fulani cha michezo kingeweza kukitoa au kukizuia, na hatua hizo ziliongezeka mwaka hadi mwaka kwa miongo mitatu bila kuachwa.

Montreal 1976 ni kesi ngumu zaidi, na anayepinga migomo hii ana haki ya kuanzia hapo. Tarehe 16 Juni mwaka huo polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Wiki mbili baadaye timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ikaanza kucheza mechi zake Afrika Kusini, kwa ridhaa ya Waziri Mkuu wao Robert Muldoon. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kutangaza kwamba haitakwenda Montreal ikiwa New Zealand itakuwepo. IOC ikajibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki na kwa hiyo haikuwa na mamlaka juu yake. Takriban nchi 29, karibu zote za Afrika, zikasusia, na baadhi ziliondoka wakati wanamichezo wao walikuwa wameshafika kambini. New Zealand ikabaki. Ziara ya raga ikaendelea hadi mwisho. John Walker wa New Zealand akashinda dhahabu ya mita 1500 katika mbio ambazo dunia nzima ilikuwa ikisubiri kumwona akipambana na Filbert Bayi wa Tanzania, aliyemshinda mjini Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Kwa kipimo cha wiki zile mbili, Afrika ilishindwa.

Lakini wiki mbili si kipimo sahihi cha jambo hilo. Mwaka 1978 Canada ilikuwa iandae Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, na baada ya Montreal hakuna aliyekuwa na shaka tena kwamba Waafrika wanaweza kuacha viwanja vitupu. Mwezi Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, Muldoon akiwa miongoni mwao, wakakubaliana huko Gleneagles, Scotland, kwamba kila serikali ichukue hatua za kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. Muldoon hakuyaheshimu makubaliano hayo kwa moyo. Mwaka 1981 aliiruhusu timu ya Afrika Kusini izuru New Zealand. Safari hii, hata hivyo, waliosimama kuizuia walikuwa raia wake mwenyewe. Mjini Hamilton waandamanaji waliingia uwanjani na mechi ikafutwa, na nchi ile tulivu ikagawanyika hadi ndani ya familia. Mwaka 1985 ziara nyingine ya All Blacks ikazuiwa kwa amri ya mahakama. Dai la Montreal lilikataliwa mwaka 1976, kisha likatekelezwa kidogo kidogo na New Zealand yenyewe. Na mwezi Machi 1992, Wazungu wa Afrika Kusini walipopiga kura ya maoni kuamua kama mazungumzo ya kumaliza ubaguzi yaendelee, timu yao ya kriketi ilikuwa katika Kombe la Dunia lake la kwanza, huko Australia na New Zealand. Kila mpiga kura alijua kwamba kusema hapana ni kuirudisha timu ile katika kifungo. Karibu asilimia 69 walisema ndiyo. Sisemi kriketi ndiyo iliyoleta ushindi huo. Mapambano ya wananchi, vyama vya wafanyakazi na vikwazo vya uchumi vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Nasema kwamba michezo iliwafikia wapiga kura ambao hoja za haki za binadamu hazikuwahi kuwafikia.

Sasa linganisha na Moscow. Mwishoni mwa mwaka 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Januari 1980 Rais Jimmy Carter akatoa muda wa mwezi mmoja: waondoke, la sivyo Marekani haitakwenda kwenye Olimpiki. Ili kuishawishi Afrika, akamtuma Muhammad Ali, mtu aliyependwa barani kuliko balozi yeyote. Dar es Salaam ilimpokea Ali kwa shangwe, lakini Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na waandishi wa habari wakamuuliza swali zito: Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika ilipoomba kuungwa mkono? Ali alikiri kwamba hakuwa na habari za mgomo ule. Nairobi alimkuta Rais Moi akiwa tayari upande wa Marekani. Kenya haikwenda, Tanzania ilikwenda. Bayi akaleta fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata mpaka leo. Nchi 80 zilishiriki Moscow. Waingereza Sebastian Coe na Steve Ovett walikwenda kinyume cha matakwa ya Waziri Mkuu wao Margaret Thatcher na kila mmoja akarudi na dhahabu. Majeshi ya Kisovieti yaliondoka Afghanistan Februari 1989, kwa sababu za vita na siasa za Kremlin ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na riadha.

Carter alikuwa na sababu nzito. Uvamizi ule ulikuwa dhuluma. Kosa lilikuwa kudai jambo ambalo hakuna chama cha michezo duniani kingeweza kulitoa. IOC haikuwa na askari Kabul wa kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1984 Wasovieti na washirika wao wakalipiza kwa kutokwenda Los Angeles, na mgomo huo ulikosa hata dai la kueleweka. Wa aina hiyo pia ulikuwa wa Nigeria mwaka 1996. Nelson Mandela alilaani kunyongwa kwa mwanaharakati wa Nigeria Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, na serikali ya Sani Abacha ikaizuia timu yake, iliyokuwa bingwa mtetezi, isiende Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Afrika Kusini. Hapo mgomo ulitumiwa na mdhulumu kujikinga na lawama, na wachezaji wa Nigeria wakafungiwa hata mashindano ya mwaka 1998. Edinburgh 1986 iko katikati. Nchi 32 zilisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sababu Thatcher alikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya uchumi. Sababu ilikuwa ya haki, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwemo, na bado naihesabu kuwa dhaifu kuliko Montreal. Aliyedaiwa vikwazo alikuwa ofisini London, na waliobaki na viwanja vilivyopwaya walikuwa waandaaji wa Scotland, ambao hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya biashara ya Uingereza.

Wapo wanaosema siasa isiingizwe michezoni kabisa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama michezo yenyewe ingekuwa imejitenga na siasa. Timu za taifa huvaa rangi za bendera, hugharimiwa na hazina, na marais hushindana kupiga picha na vikombe. Ujerumani na Japani hazikualikwa kwenye Olimpiki za London mwaka 1948, na hakuna aliyeona ajabu. Berlin 1936 ilifanyika baada ya wakuu wa michezo wa Marekani kuukataa wito wa kuisusia, kwa madai yale yale kwamba siasa ikae pembeni. Dhahabu nne za Jesse Owens ziliwafurahisha wapenda haki, lakini utawala wa Hitler ndio uliopata ulichotafuta: wageni, sifa na picha za nchi yenye utulivu. Kwenda nako ni uamuzi wa kisiasa.

Hoja nyingine, nzito zaidi, ni kwamba kushiriki hubadilisha kuliko kususia. Seoul hutajwa hapa, na kwa haki. Mwaka 1987 utawala wa kijeshi wa Korea Kusini ulikubali madai ya waandamanaji ya uchaguzi wa moja kwa moja, na macho ya dunia yaliyokuwa yakiielekea Olimpiki ya 1988 yaliufanya usite kumwaga damu tena. Qatar pia: hakuna timu iliyosusia Kombe la Dunia la 2022, lakini shinikizo la vyama vya wafanyakazi na malalamiko yaliyofikishwa katika Shirika la Kazi Duniani yalichangia sheria ya mwaka 2020 iliyomruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila kuomba ruhusa yake, na kuweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000. Vijana wengi wa Kenya na Uganda waliokwenda huko kuwa walinzi na madereva walihusika moja kwa moja na sheria hizo, ingawa utekelezaji wake umelalamikiwa sana. Nakubali mifano yote miwili. Lakini tazama kilichoifanya ifaulu: watu wa ndani, au wanaoumia, walikuwa na madai mahususi, na mwenyeji alikuwa na jambo la kupoteza. Mwenyeji akishahakikishiwa kwamba hakuna atakayekosa kuja, lolote litokee, shinikizo hilo linakufa.

Mgomo wa karibuni uliofanikiwa kwa haraka ulichukua siku chache tu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Poland ilikataa kucheza nayo mechi ya mchujo wa Kombe la Dunia, na Sweden na Jamhuri ya Czech, zilizokuwa katika kundi hilo la mchujo, zikatangaza vivyo hivyo. FIFA kwanza ilitaka Warusi wacheze katika uwanja usio wao, bila bendera wala wimbo wa taifa. Wapoland wakasema hata hivyo hawachezi, na siku iliyofuata FIFA na UEFA zikaisimamisha Urusi. Vita havikukoma, na Wapoland hawakudai kwamba mechi ingevikomesha. Walidai wasilazimishwe kusalimiana uwanjani na timu ya mvamizi, na wakapata. Hapa mtu atauliza, na ana haki kuuliza, mbona ukali huo hauonekani kwa wavamizi wengine. Upendeleo huo ni aibu ya kweli. Afrika nayo haikuwa safi: Uganda ilisusia Montreal ikiwa chini ya Idi Amin, muuaji wa raia wake. Lakini unafiki wa mwenye kulalamika hauwi haki kwa mwenye kutenda. Dawa yake ni kuwasikiliza wahanga wenyewe na vyama vyao kuliko kuwasikiliza wakuu wa nchi.

Kwetu swali hili limekwisha fika mlangoni. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Kongo, pamoja na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, inaituhumu Rwanda kuwaunga mkono waasi hao, huku Rwanda ikikanusha. Serikali ya Kinshasa iliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain ikizitaka zivunje mikataba ya kuitangaza Rwanda, na Bunge la Ulaya likataka mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyopangwa Kigali yafutwe Rwanda isipobadili mwenendo. Mashindano yalifanyika Septemba 2025, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Bayern ilibadili mkataba wake, na Arsenal ikatangaza kwamba wake utakoma mwaka 2026. Naona Wakongomani walilenga vizuri kuliko Wabunge wa Ulaya. Mkataba wa udhamini ni heshima inayonunuliwa, na klabu inaweza kuikatisha kwa saini. Kufuta mbio kungewanyang'anya waendesha baiskeli wa Eritrea, Ethiopia na Rwanda siku ambayo bara lao liliisubiri kwa zaidi ya karne moja.

Imebaki hoja ninayoiogopa zaidi, ya wanamichezo wenyewe. Hakuna jibu litakalomrudishia mtu Olimpiki yake. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, hakupata nafasi ya kutetea taji lake, na alipofika Moscow muda wake ulikuwa umepita. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Mataifa yalichukua msimamo, na vijana wachache wakaulipia kwa maisha yao yote ya michezo. Kwa hiyo naziomba kamati za Olimpiki na vyama vya soka vya Kenya, Uganda na Tanzania viandike kanuni kabla ya mwaka 2027, wakati hakuna wito mezani na vichwa vimetulia. Kanuni hiyo iseme kwamba hakuna timu itakayozuiwa kushiriki bila wanamichezo wake kusikilizwa, kwamba dai litajwe kwa maandishi pamoja na jina la chombo chenye uwezo wa kulitimiza, na kwamba serikali itakayoamuru mgomo itawalipa fidia wale inaowatuma kuubeba. Na wale wa mwaka 1976 watambuliwe rasmi, kwa majina na kwa kiinua mgongo, kama watu waliolitumikia taifa. Akii-Bua alifariki mwaka 1997 na Rono mwaka 2024. Waliobaki ni wazee, na deni lao halijalipwa.